Propela Uliyoibeba Kichwani

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa Kitangari, kwenye baraza uliyoikandika kwa mikono yako. Mwaka umetimia tangu tukusitiri, na kuna neno moja ambalo sikuwahi kukuambia. Wewe hukuwa mtu wa kudai maneno, ndiyo maana nikalichelewesha.

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja mpaka vijijini kununua korosho, ndugu yako, mjomba Selemani, alishuka Mtwara akarudi na gari dogo jeupe lililowahi kukimbia mashindano. Milangoni bado lilikuwa na alama za namba zilizobanduliwa. Alipokanyaga mafuta, kuku wakaruka uani. Ukamwuliza, "Sele, hili ni la kubeba watu au la kufukuzia nguruwe shambani?"

"Dada," akacheka, "hili litafika Newala hujamaliza kufunga kilemba."

Na mbio lilikuwa nazo. Ugonjwa wake ulikuwa chini. Wenye mashindano walikuwa wameiongezea injini nguvu, lakini propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, walikuwa wameiacha ileile ya kiwandani: vipande viwili, katikati vimeshikwa na beringi moja. Mchanga wetu ukaila beringi ile. Mjomba akaweka nyingine, ikaliwa. Watu wakamshauri atafute propela ya kuchongesha, ya kipande kimoja, nene zaidi, maana siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, spea za kila namna zilikuwa zimejaa Dar. Akakataa kabisa. "Mimi siweki vya kubuni. Orijino ni orijino."

Kisha ikaja asubuhi ile uchungu uliponishika, mimba yangu ya kwanza. Mjomba alikimbiza gari, wewe umenipakata kiti cha nyuma. Hata nusu ya njia hatujafika, tukasikia mlio chini ya miguu yetu kama mtu anapiga nyundo, halafu gari likasimama. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi: propela imekatika. Unakumbuka ulivyoshuka na kuita kwa sauti mpaka wanaume wakatoka mashambani? Walinipakia kwenye baiskeli, mmoja akaongoza usukani, wengine wakanishika huku na huku. Tulifika hospitali ya wilaya jua limeshapinduka. Manesi walifanya kila waliloweza. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Siku ya tatu baada ya kumzika, nilikuwa nimelala chumbani, nikasikia kicheko nje. Kicheko, mama, kwenye nyumba yangu yenye msiba! Nilikichukia mno. Asubuhi yake nikakuita, hukuitika. Mume wangu akaniambia umepanda basi la Dar na ile propela iliyovunjika umeifunga kwa kanga, umejitwika kichwani.

Nikasema neno baya. Nikasema, "Mama amelijali gari kuliko mimi."

Ukakaa huko karibu wiki tatu. Mvua ilikuwa imekata barabara upande wa Rufiji, lakini mimi sikutaka kujua habari za mvua. Nilikuwa nakutaka wewe.

Mengine alinisimulia mjomba baadaye sana. Kumbe siku ile ya kicheko ulikuwa umemfuata kwenye gari lililovutwa mpaka uani. Amekaa chini, anaona haya hata kuingia ndani kunipa pole. Ukamwambia, "Pima, nikachongeshe nyingine." Akajibu kwamba gari tupu halipimiki, sharti lilale kwa uzito wa watu, la sivyo bomba litatoka refu au fupi. Basi ukawaita wanawake waliokuja kutupa pole, ukawapakia wote na kanga zao za msibani. Somo yako yule mnene alipokaa nyuma, springi zikalia. Mjomba akapaza sauti kutoka uvunguni, "Somo, umenishukia kifuani!" Ndipo wakacheka. Wewe hukucheka, anasema. Ulikuwa umeinama ukimwonyesha mahali pa kufunga fundo kwenye kamba ya kupimia.

Uliporudi ulikuwa umekonda, kanga imejaa tope. Propela mpya ilikuwa nyeusi, nene, kipande kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na pembeni ina kibati kidogo kilichochomelewa. Ulimweleza mjomba kwamba fundi alitaka kukupa nyingine iliyokuwa tayari, ukakataa, ukamwekea kamba yako mezani. Alipomaliza kuchonga ukamwambia aizungushe kwenye mashine uione. Ikatikisika. Akasema hiyo si kitu, mama, nenda zako. Ukakaa kwenye ndoo ya oili, ukamwambia, "Naisubiri itulie." Akachomelea kile kibati cha kusawazisha uzito, akaizungusha tena, ikatulia. Ndipo ukasimama.

Mjomba aliigeuzageuza. "Dada, lakini hii siyo orijino."

"Orijino yako imenizikisha mjukuu," ukamwambia. "Funga."

Akafunga. Kesho yake mkashuka Masasi kupitia Chiungutwa, mkarudi mmepakia magunia ya mahindi. Kwenye mlima, mahali gari lilipozoea kutetemeka, ukamwuliza mbona limenyamaza. "Halijanyamaza, dada," akasema. "Nafikiri ndivyo lilivyotakiwa liwe siku zote."

Mwaka wa pili nikashika mimba ya Zuhura. Asubuhi ya safari nilimsalimia mjomba, "Shikamoo." Badala ya kuitikia akaingia uvunguni kuitazama propela. Aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani. Tulipokaribia pale gari lilipotusimamia, nikafumba macho nikakukaba mkono. Nilihesabu pumzi zangu nikingoja ule mlio.

"Fumbua macho," ukaniambia. "Tumeshapita."

Zuhura alilia kabla ya adhuhuri, kilio cha kugombana na dunia nzima. Mjomba alikisikia kutoka nje, na wauguzi wakasema wameona mtu mzima akilia ameegemea boneti.

Hata siku ile sikukushukuru. Nilikuwa nimekusamehe, au nilidhani mimi ndiye wa kusamehe.

Mwezi uliopita Zuhura alipata homa kali. Dawa ilikuwa imekwisha hapa kijijini, nikamwacha na baba yake, nikaenda Newala mwenyewe. Alinililia nisiende. Niliporudi mchana alikuwa amegeukia ukutani, hataki kunitazama. "Umeniacha," akasema. Nilisimama mlangoni, dawa mkononi, vumbi mpaka magotini, nikashindwa kusogea. Mama, nilikuona wewe. Nikaona ulivyosimama mlango huohuo, na mimi nimekupa mgongo.

Nikakaa kitandani, nikamweleza Zuhura nilikwenda wapi na kwa nini. Alisikiliza, akanywa dawa, akanilalia mapajani. Sasa ni mzima, yuko shuleni, na jana alimwuliza mjomba lini atamfundisha kuendesha. Mjomba akamwambia akue kwanza miguu ifike kwenye klachi. Papo hapo akaenda garini kuipima.

Mama, hukuniacha. Ulikwenda kunitafutia njia. Asante.

Upumzike kwenye rehema ya Mola, na dua zetu za kila Ijumaa zikufikie.

Mimi mwanao,
Mama Zuhura