Nywila ya Kitivo

Jumatatu, 6 Mei 2019
Baridi ya Oruro, huku Bolivia, leo inauma meno. Nimekagua viungo vyote vya tovuti yetu ya bure ya sosholojia — viwili vilikufa, nimevifufua. Sasa yamo yote niliyoyahangaikia nilipokuwa mwanafunzi: majarida ya sosholojia yasiyolipiwa, majedwali ya sensa, mihadhara iliyorekodiwa, mwongozo wa kufanya mahojiano kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa huku. Huo mwongozo tuliutunga wenyewe, mimi na rafiki yangu Remberto. Sijaona bora zaidi popote. Najisifu? Basi najisifu.

Jumanne, 7 Mei
Barua pepe kutoka mji wa Llallagua. Benita, mama wa mabinti watatu. Anataka manispaa ifungue shule ya jioni kwa wasichana walioacha masomo. Alishawahi kwenda mbele ya baraza, wakamwambia ana maneno matupu. Wiki ijayo anarudi. "Dada, haya majedwali yanasomwaje?" Tumeongea kwenye simu mpaka kikombe changu cha api, uji wa mahindi, kikapoa. Anauliza, anabisha, anauliza tena. Nimempenda.

Alhamisi, 9 Mei
Daktari Arancibia, mwalimu wangu wa zamani, kaniita chuoni. Kitivo kinaitaka tovuti. Nami pia kinanitaka — ajira, mshahara, ofisi yenye hita! Miaka miwili nauza makava ya simu sokoni na Remberto. Nilikaribia kumkumbatia mzee wa watu. Kisha, nikiusoma mkataba, nikafika kipengele cha nne: tovuti itafunguka kwa nywila, kwa wanafunzi waliosajiliwa tu.

Nikamuuliza, walio nje je? Wajisajili, akasema. Kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chai.

Ijumaa, 10 Mei
Mama: "Tia saini, mwanangu. Hao wa nje ndio watakaoninunulia dawa?" Nikaenda kuosha vyombo.

Remberto anasema nusu ya tovuti ni yake, na nusu yake haifungwi. Halafu akacheka. "Ila ukipewa hiyo hita, nitakuja kuota moto."

Jumapili, 12 Mei
Benita kawahoji wasichana wa mtaani kwake kwa mwongozo wetu. Aliyemshangaza ni bintiye mwenyewe, wa kwanza. Siku zote Benita alidhani binti huyo aliacha shule kwa uvivu. Kumbe alibaki nyumbani kulea mdogo wake, ili mama aende kazini. Hakuwahi kumuuliza. Alilia kwenye simu, nami nikalia.

Kesho kutwa anasimama mbele ya baraza. Bado ana majedwali ya kupitia. Sijamwambia habari ya nywila.

Jumatatu, 13 Mei
Niko ofisini kwa Daktari, naandikia magotini. Nimemwambia ajira naitaka, tena sana, lakini nywila hapana. Akasema hakuna aliyewahi kubadilisha mkataba wa kitivo. Nikamjibu kwamba sosholojia alinifundisha yeye, na hakuniambia ni ya waliosajiliwa tu.

Katoka kumpigia simu mkuu wa kitivo. Namsikia kule ukumbini: "Ndiyo, mkuu... hapana, bila nywila... nimemfundisha mimi, namjua, hatakubali."

Sasa anamsikiliza mkuu.

Mkataba uko mbele yangu. Nimekikata kipengele cha nne kwa mistari miwili, nikatia saini chini. Nasikia viatu vya Daktari vinarudi —