Vizibo mia moja

Uko hapo? Usinipigie, nimejifungia kwenye choo cha kazini.

Yule binti mpya wa maabara, yule anayeniita dada. Leo shampuu ya watoto imetoka na pH nne badala ya sita, naye akaipitisha. Mkemia mkuu akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Imeshuka mbili tu, bosi."

Mbili tu. Anamwambia mkemia mkuu.

Mzee hakupandisha hata sauti. Akamwaga gunia la vizibo vya chupa sakafuni, kimoja akakiweka mezani. "Tuseme hiki ndicho kiasi cha ioni za haidrojeni, zile zinazoleta ukali wa asidi, kwenye pH sita. Piga magoti, uniwekee za pH nne."

Binti akaokota viwili.

"pH ikishuka moja, ioni zinakuwa mara kumi. Ikishuka mbili?"

"Mia," akajibu.

"Basi hesabu. Tukusikie."

Akahesabu, mwenzangu. Kwa magoti, hadi wafagiaji wakaja kuchungulia mlangoni. Alipofika thelathini watu wakaanza kucheka. Na mimi nikacheka.

Kwenye arobaini akainua macho, akanitazama. Mimi, si mwingine. Kisha akainama tena, arobaini na moja.

Kwa sababu asubuhi alikuja kuniuliza kwanza. Nilikuwa na haraka ya chai, nikamwambia mbili si kitu, pitisha.

Amefika mia hajanitaja.

Sasa hivi anagonga mlango huu wa choo. Anasema, "Dada, unaumwa?"