Kidonda cha Siwema

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu matanga. Mtoto anaota meno, hanipi nafasi. Lakini nisikudanganye, nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo.

Siku ile tunamsafisha Siwema kwato, umeupakata mguu wake, ulinitazama ukasema, "Huyu punda ni wako, mwanangu. Usimwambie mtu, nitalisema mwenyewe." Nikanyamaza kama ulivyotaka. Kumbe kaka Hamisi naye ulimwambia hivyo hivyo, tena mbele ya Baba Mdogo. Kwenye kikao cha ukoo kaka akawa na shahidi. Shahidi wangu ulikuwa wewe, na wewe tumekuzika. Baba, kwa nini? Au kwa kuwa mimi ni mtoto wa kike, yalikuwa maneno ya kunifurahisha tu?

Hamisi akampeleka Siwema huko Shelui kubeba madumu ya maji, kwa mama ntilie wa pale malori yanaposimama. Juzi nikamfuata, mtoto mgongoni. Nikamkuta Siwema amefungwa juani, gunia limegandia mgongoni. Kidonda, Baba. Na wamekipaka oili chafu ya lori! Hamisi akacheka: "Dada nawe! Punda huyo, si bibi harusi. Kesho anabeba."

Niliomba maji ya uvuguvugu, nikatia chumvi, nikalilowesha lile gunia taratibu kama ulivyonifundisha, mpaka likaachia lenyewe. Siwema alitetemeka, ila hakurusha teke. Kisha akaleta pua, akampumulia mtoto miguuni. Hapo nikalia.

Nilipomfungua kamba, Hamisi akasema, "Akipona umrudishe."

"Aje Baba mwenyewe kumchukua," nikamwambia.

Tukatembea naye mgongo mtupu hadi hapa Misigiri. Habebi kitu. Namwosha asubuhi na jioni, maji nabeba kwa kichwa changu.

Baba Mdogo ameitisha kikao kingine Jumapili. Nitakwenda, lakini Siwema atabaki zizini kwangu, waseme watakavyosema. Hiyo nakuahidi. Pumzika, Baba.

Ila nitumie vitu hivi. Ule mluzi wako wa kumwitia, maana wangu haitikii. Halafu mtokee Baba Mdogo ndotoni kabla ya Jumapili, umwambie ulichoniambia mimi. Na kama hukukimaanisha, yeye mwache alale. Nitokee mimi, uniambie usoni.