Kilalo cha Ng'ambo Kilichoelea

Baba yangu mpenzi,

Ng'ambo tumebaki. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungenikatiza: "Sema kwanza mwisho, binti yangu, moyo utulie." Basi tulia. Hakuna nyumba iliyobomolewa, hakuna aliyehamishwa. Kaburi lako liko palepale nyuma ya mihogo, na mama amelipalilia juzi.

Mwalimu ameniruhusu kuiandika barua hii wazi ili isomwe Jumapili mbele ya watu wote, maana jambo lenyewe ni la wote. Ataisoma yeye. Mimi nitakaa nyuma kabisa.

Unakumbuka ulivyonivusha mto wakati wa mvua, kwenda shule mjini Baraka? Maji kifuani mwako, mimi mabegani mwako, vitabu juu ya kichwa chako. Uliniambia nisome kwa sauti ukurasa wowote ili usisikie baridi. Nilikusomea hesabu za kugawanya, nawe ukaitikia "ndiyo, ndiyo," kama uko kanisani.

Ng'ambo yetu ilikuwa ndogo, na bado ni ndogo: Waislamu wenye boti karibu na ziwa, sisi wenye mihogo nyuma yao, na mto unaotutenga na Baraka. Adhana ikiisha asubuhi, kengele ya Waprotestanti inaanza. Ulisema Mungu hapati nafasi ya kulala kwetu. Mzee Ramazani, mwenzako wa kazi, alicheka mpaka akaangusha nyundo.

Nakumbuka zaidi kibanda chenu cha boti. Mlisokota pamba, mkailoweka katika mawese, mkaishindilia kati ya mbao mpaka maji yasipate pa kupita. Kisha uliniita. "Funga macho, pitisha kidole. Kidole kikipata baridi, kuna tundu." Ulisema fundi anayeacha tundu ni sawa na muuaji. Niliogopa sana neno hilo, na nilipitisha kidole taratibu sana.

Ulipotuacha, mvua iliyofuata Bwana Administrata, mkuu wa serikali, alikuja kututembelea akakwama ukingoni. Alirudi bila kuvuka. Baada ya siku chache kapita, msimamizi wa kijiji, akatuletea maneno yake: watoto wa Ng'ambo wanakosa shule, dawa haifiki, kwa hiyo watu wote watahamishiwa kando ya barabara kubwa, wapangwe kwa mistari. Isipokuwa kama akirudi kabla mvua haijaisha atakuta kilalo, yaani daraja la kuvukia mto, chenye nguvu ya kubeba motokari yake. Wazee walicheka kwanza. Halafu wakaanza kuhesabu magogo.

Tulijenga wote, Baba. Wanaume waliburuta magogo kutoka milimani kwa nyimbo, bamama walipika ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa zamu, na Mzee Ramazani akawa fundi mkuu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujenga kilalo. Tulijua boti tu. Basi mbao zilibanwa sawasawa, ubavuni zikainuliwa mbao nyingine ili watoto wasianguke, kisha kila ufa ukashindiliwa pamba na mawese kama ulivyofundisha. Mama mwenyewe alisokota. Mimi niliitwa nipitishe kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yamefungwa. Sikupata baridi popote, nikajivuna.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne tukasikia kelele, "Kilalo kimeenda! Kilalo kimeenda!" Tulikimbia mpaka ziwani. Kilikuwa mbele ya matete, kinaelea kimetulia kama chombo kipya, na katikati yake amesimama mbuzi wa kapita, mkavu kabisa, anatafuna.

"Ramazani," kapita akasema, "umetutengenezea kilalo ao boti?"

"Angalia muzuri," Mzee Ramazani akajibu. "Hata tone moja haikuingia."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Ile ni kazi ya bwana yangu! Hakujua kufanya kitu yenye kuzama."

Wavuvi wa Ubwari walikifunga kamba wakakirudisha kwa mitumbwi yao. "Bantu ya Ng'ambo, siku ingine mutuambie kama munasafiri!" Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Kapita alikuwa amekwisha kuambiwa siku ya Administrata kurudi, na zilibaki siku nne tu.

Mchana ule wanaume walikaa kibandani. Mmoja alitaka magogo mazito zaidi, mwingine misumari. Wa tatu akasema tuanze kufunga mizigo. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu changu cha masomo. Kinaeleza kwamba chombo huelea kwa sababu kimeyazuia maji yasiingie. Nililijua jibu, Baba, nikakifunga kitabu.

"Tukiache kivuje," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena.

"Nani anasema?"

"Mutoto ya marehemu fundi."

Mzee Ramazani akanigeukia. "Kivuje? We mutoto, mi natengeneza vyombo tangu mama yako hajazaliwa. Sijatoboa hata kimoja."

"Baba mukubwa, ile si chombo. Maji ikipata njia ya kupita, haitakibeba."

Alinitazama sana. "Na baba yako angesema nini?"

Hapo ilibidi nijibu kwa niaba yako. Nisamehe kama nilikosea. Nikasema: "Angekasirika. Halafu angetoa pamba yeye wa kwanza."

Mzee Ramazani akachukua patasi yako, akaenda mtoni, akachomoa uzi wa kwanza wa pamba huku amegeuza uso pembeni, kama mtu anayechinja mbuzi aliyemlea. Baada yake watu wote wakainama. Tulichomoa pamba mpaka vidole vikavimba. Mbao za ubavuni zikatolewa, zikawekwa fito. Kati ya ubao na ubao tukaacha nafasi ya kidole. Kila mwisho wa kilalo ukafungwa kwenye miti kwa kamba za boti, ukalemewa na masanduku ya mawe.

Siku ya Administrata mvua haikutuhurumia. Mto ulipanda mpaka juu ya mbao. Motokari ilisimama upande wa pili, na sisi wote tulisimama upande wetu, Waislamu kwa Wakristo, hata wagonjwa walibebwa waje kuona. Gurudumu la kwanza likapanda. Maji yakaruka katikati ya mbao kama ndagala wavuni. Kilalo kilitetemeka, kikalia, kikakaa mahali pake. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Gurudumu la mwisho lilipogusa udongo wa Ng'ambo, vigelegele vilipasuka, nadhani hata Bibokoboko, kule milimani, walisikia.

Administrata alishuka, viatu vimelowa. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani alifanya hiki kilalo? Kinavuja."

Mzee Ramazani akatoa kifua mbele. "Ndiyo, Bwana. Tumekivujisha sisi wenyewe!"

Watu walicheka mpaka yule muzungu naye akacheka bila kujua kwa nini. Akafungua daftari lake, na kapita akasimama pembeni akasoma kwa sauti kila neno lilivyoandikwa: Ng'ambo inabaki.

Baba, sijui furaha inafika wapi huko uliko. Hapa imejaa. Familia mbili kutoka Makobola zimekuja kuomba kiwanja. Mzee Ramazani anatembea kifua mbele kama kijana, na kila mgeni anapelekwa mtoni aonyeshwe maji yanavyopita. Nimekukumbuka zaidi siku hizi za ushindi kuliko siku za msiba, na wala sijalia. Nilitaka tu ujue.

Pumzika vema. Mvua inanyesha tena ninapoandika, na kutoka hapa nilipokaa nasikia miguu ya watu juu ya mbao. Wanarudi kwao.

Ni mimi mwanao,
Riziki