Konokono Asiyengoja

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Najua utasema nimeyataka mwenyewe.

Ile kazi nimeipata. Tunatengeneza video za katuni za kufundishia sayansi watoto wa shule za msingi. Mimi ndiye mchoraji, nawafanya viumbe watembee na kusema. Mhusika wetu mkuu ni konokono mwalimu. Shida ni sauti yake. Bwana waliyemleta kwanza anasoma kama anatoa hukumu mahakamani, watoto wa kujaribishia wakaanza kulia. Nikamwambia bosi ninaye mtu.

Mtu mwenyewe ni wewe. Usikunje uso. Nimempa dereva wa basi kinasa sauti na karatasi ya masomo akuletee. Ingia ndani ya kabati la nguo, jifungie, usome humo. Makoti yanameza mwangwi. Ningekupigia, lakini najua kwako simu ni ya kuambiwa nani kafa.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Mkazamjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula chakula au unakichora tu. Koo langu linanikwaruza kidogo tangu mwaka mpya. Nimekula chaki maisha yangu yote, acha idai haki yake.

Kwa hiyo umenifanya konokono. Wanafunzi waliniita Mwalimu Ngojangoja mpaka nikastaafu, na wewe umekuja kupigilia msumari wa mwisho. Haya, nimekubali.

Nimesoma masomo yote ndani ya kabati, jasho likinitiririka. Kwenye somo la kivuli mkazamjomba wako alifungua mlango akaniuliza namkimbia nani humo. Nikamwambia namkimbia yeye. Tulicheka mpaka kinasa kikaanguka kwenye viatu. Sikujua kukifuta kicheko hicho, usiwawekee watoto.

Jambo moja tu nakuomba, na hili si utani. Kila nikiuliza swali, nimenyamaza. Usidhani betri imekwisha. Pale ndipo zamu ya mtoto inapoanza. Mtoto mwepesi atajibu upesi hata usipomngojea. Namngojea yule anayelishika swali polepole, akaligeuza, akaogopa, kisha akanyoosha mkono. Sina haja ya kukueleza zaidi, kwa sababu yule wa mwisho kunyoosha mkono darasani kwangu alikuwa wewe.

Mjomba wako


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Habari za siku nyingi, na koo je? Huku ni kazi juu ya kazi, lakini leo nina furaha. Video zimetoka na zinapendwa kuliko tulivyotarajia. Walimu wanaandika kuuliza huyo konokono ni nani.

Laiti ungeona ninavyofanya. Nasikiliza sauti yako neno kwa neno, kisha namchorea konokono mdomo wa kila sauti: wa kuachama ukisema a, wa mviringo ukisema o, wa kufumba ukifika kwenye m. Nimekaa na wewe masikioni mpaka mwenzangu wa meza ya pili anasema nimeanza kuongea kama mzee. Konokono nimemvisha na miwani yako, pamoja na ule uzi ulioufungia mkono wa miwani uliovunjika. Mkwaruzo wa koo nimeusafisha kwa mashine. Sasa unasikika kijana.

Tumepunguza kidogo hapa na pale ili video isiwe ndefu. Nakutumia flashi, fundi cherehani jirani yako si ana televisheni inayoisoma?

Mpwa wako


21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa sauti yangu. Sasa natoa upepo zaidi ya maneno. Daktari wa hapa amenipa karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupimwa.

Flashi imefika. Tulikaa kwa fundi cherehani, yeye, binti yake mdogo na sisi wawili. Michoro yako ni mizuri, mwanangu. Miwani ilimfanya mkazamjomba wako ashike mbavu. Kisha konokono akauliza kwa nini glasi ya maji baridi hutoka jasho kwa nje na haina tundu. Binti akainua kichwa, akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno konokono akajibu mwenyewe. Swali la pili ikawa vile vile. La tatu hakufungua mdomo tena, akaanza kuchezea vifungo vya baba yake.

Nilisikia sauti yangu inamkatisha mtoto. Sijawahi kumfanyia mtoto hivyo hata siku moja, na sasa nafanya hivyo kila mahali video inapochezwa. Imeniuma. Hukupunguza kidogo, umeondoa nilichokuomba usiondoe.

Rudisha kimya changu mahali pake. Kama haiwezekani, toa sauti yangu na umrudishe yule wa hukumu.

Mjomba wako


15 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima, na koo limetulia. Kunywa maji ya moto, litapona. Nisamehe kwa kuchelewa, kila nilipoanza barua hii bosi alitokea na kazi nyingine.

Mjomba, sikukata kwa dharau. Ukinyamaza, konokono anafumba mdomo na picha inasimama. Picha ikisimama, watu wanadhani mtandao umekwama, wanahama. Bosi alituonyesha kwa takwimu, wanaondoka palepale unaponyamaza. Darasani ulikuwa umefunga mlango, huku hakuna mlango. Dunia ya sasa haingoji, na si mimi niliyeiumba.

Tafadhali usikasirike. Tena wanataka masomo mengine kwa sauti yako ile ile. Kinasa bado unacho. Utanisomea?

Mpwa wako


8 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Sitaweza kukusomea.

Ilikuwa ni uvimbe, na ulikuwa umekwisha kukua. Mwezi wa nane wameniondoa sanduku lote la sauti kooni. Napumulia tundu la shingoni na nazungumza kwa ubao mdogo, nauning'iniza kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku za mwisho za sauti yangu nilikuwa naitazama njia ya yule dereva wa basi, nikidhani barua yako itakuja niisome kwa sauti, mkazamjomba wako akisikiliza. Haikuja. Sikumruhusu akupigie. Ulishasema mwenyewe simu zangu ni za nini.

Mambo ya kukata na kutokata tuyaache. Sasa nakuomba kitu kingine. Nitumie zile rekodi zangu za mwanzo, nzima, kabla hujazigusa. Mkazamjomba wako anataka kile kicheko cha kabatini. Anasema kwenye video nasikika, lakini si mimi anayemjua. Mimi anayemjua hukwaruza na hucheka vibaya.

Mjomba wako


30 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, nikashindwa kupanda. Sijui nikuulize hali vipi. Pole. Pole nyingi, wewe na mkazamjomba.

Rekodi hazipo.

Hapa ofisini video ikishatoka, sauti ghafi zinafutwa ili mashine ipate nafasi. Ni utaratibu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliulizwa na kompyuta kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, nikaenda kunywa chai. Kicheko chenu nilikisikia siku ile, nikacheka peke yangu, nikasema nitakihifadhi kando. Sikukihifadhi.

Na ule mkwaruzo, Mjomba. Mimi ndiye niliyeusikia kwa karibu kuliko mtu yeyote, kuliko daktari. Nilikuwa nauona kwenye kioo cha kompyuta kama unyoya unaoizunguka kila silabi. Nikausafisha, nikajisifu kwa kazi nzuri, hata kukuuliza unaumwa nini sikukuuliza. Majuto ni mjukuu, tuliambiwa, na wangu amekuja mapema.

Nilichoweza nimefanya. Nimechukua masomo yaliyotoka, nikapanua kila mahali unapouliza. Kimya chako sina, kwa hiyo niliwasha kinasa chumbani kwangu, nikakaa nikiwaza swali lako mpaka nipate jibu, nikaweka kimya hicho. Na konokono hasimami tena kama mtandao uliokwama. Nimemchora anangoja: anapepesa macho, anarudisha pembe ndani, anazitoa tena, anakutazama. Sikujua kwamba kungoja ni kazi ngumu kuichora kuliko kukimbia. Bosi hataki video hizi zitoke. Nimekutumia wewe kwenye flashi hii.

Nisamehe, kama unaweza.

Mpwa wako


17 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninakula uji, ninatembea hadi dukani, muuza duka ananifokea kwa sauti kubwa akidhani asiyesema hasikii.

Sitakudanganya. Mkazamjomba wako alilia kwa ajili ya kile kicheko, nami nilitoka nje ili asinione. Kimeondoka. Nilikuambia usiwawekee watoto, laiti ningekuambia pia utuwekee sisi. Nimekusamehe, lakini bado inauma, na vyote viwili ni kweli.

Tulikwenda kwa fundi cherehani. Konokono akauliza: saa sita mchana, kivuli chako kinakwenda wapi? Akanyamaza, akawa anapepesa macho. Fundi alinyanyuka kuitikisa flashi, nikamvuta shati. Binti alimtazama konokono. Akatazama ukuta, akatoka mlangoni kwenye jua la utosini, akasimama. Kisha akatuita kutoka nje: "Hakijaenda popote. Nimekikanyaga." Nilitaka kumwambia, "Vizuri, mwanangu." Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kuhusu kile kimya chako. Mkazamjomba wako aliomba turudie pale pale, mara nyingi. Ndani yake kuna feni yako, kiti kinalia, na mtu anavuta pumzi na kuishikilia. Akaniambia, huyu ni yeye, ndivyo alivyokuwa akipumua anapotafuta jibu, nakumbuka tulipokuwa tunamfundisha mezani. Nilisikiliza tena nikaona ni kweli. Kwa hiyo sauti ni yangu na pumzi ni yako. Si nilichoomba, lakini nimekipokea.

Nimebakiza swali moja. Tangu uanze kazi hiyo hujakanyaga hapa nyumbani. Utakuja lini? Usijibu upesi kunifurahisha. Fikiri, kisha unyooshe mkono.

Mjomba wako