Nilisema Sauti ya Seif Naijua

Jumapili. Mvua inanyesha toka alfajiri hapa Madale, barabara yote tope, na mie nimekaa ndani na hasira ya zamani.

Aliyeiamsha ni Rehema, binti wa mdogo wangu Athumani. Yumo kwenye kamati ya mbio za baiskeli, na leo kaja kunionyesha simu yake. Msimamizi akiona mtu anavunja sheria njiani, anaongea tu. Simu inaitambua sauti yake na ripoti inafika kwa waamuzi. Sauti ngeni inakataliwa. "Hapa hadanganyi mtu, baba mkubwa," kaniambia, anacheka.

Nikamwambia vizuri mwanangu. Chai ikanishinda kumaliza.

Maana simu hiyo nilikuwaga mie.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, viwanda vinapunguza watu, kiwanda kimoja cha Chang'ombe kiliandaa mbio za baiskeli kutoka Temeke hadi Kongowe na kurudi. Mshindi anapewa ajira. Athumani alikuwa keshapunguzwa kwingine, mkewe ana mimba ya huyuhuyu Rehema. Akaazima baiskeli, akafanya mazoezi miezi mitatu.

Mie nilikaa meza ya waamuzi na redio kol. Wahuni waliwahi kuingilia mawasiliano wakaripoti uongo, kwa hiyo kamati ikaamua ripoti isiandikwe mpaka niseme sauti nimeijua. Wasimamizi wote niliwajua kwa sauti, na Seif, aliyepangwa Mtoni, kuliko wote. Tulikulia nyumba moja ya kupanga, tukaingia jando pamoja.

Athumani alikuwa anaongoza. Redio ikakoroma: namba kumi na saba kashika lori kwenye kilima cha Mtoni. Kuvutwa na lori ilikuwa faulo ya kutolewa mashindanoni. Mwamuzi akauliza, nani huyo? Nikasema Seif, huyu hasemi uongo. Nikaandika namba ya mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijiona mwadilifu kweli.

Athumani aliapa hakugusa lori lolote. Nikamwambia mbele za watu akubali kosa kama mwanaume.

Wiki iliyofuata nilipita kumwamkia mama yake Seif. Mama wa watu, bila kujua lolote, akanilalamikia kwamba Jumapili ile ya mbio mwanawe alishinda nyumbani kajilaza mkekani, na lile lidude lake la redio linakoroma mpaka kuku wanakimbia. Mtoni hakukanyaga. Na kazi alikuwa kaipata shemeji yake Seif.

Nilimfuata. Hakukana hata. "Si wewe uliyesema sauti umeijua?" akanijibu, huku anachokonoa meno.

Mpaka leo nikimkumbuka hasira inanirudi. Alijua nikiisikia sauti yake siulizi kitu, akanipatia hapohapo.

Lakini mie nami nilinyamaza.

Niliona aibu kumwambia Athumani. Akaishia kusukuma mkokoteni Tandika mpaka mgongo ukaharibika, na hadi leo anadhani namwona mwongo. Bado kila tukikutana ananiamkia kwa heshima ileile, shikamoo kaka, na mie naitikia marahaba kama mtu mwema.

Simu ya Rehema itamjua mwenye sauti. Je, itamuuliza kasimama wapi? Mie sikuuliza.

Kesho asubuhi nakwenda Mbagala kwa Athumani, mvua inyeshe isinyeshe. Akinipa shikamoo yake, siitikii mpaka niwe nimemwambia.