Kupe wa Zizini na Ukoo wa Virusi Vyao

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Na kaka, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi sijambo kabisa, tena leo nina furaha tele.

Mama, mbuzi wako hawachinjwi! Hata mmoja! Daktari wa mifugo aliyewafungia zizini atakuja kukwambia mwenyewe, lakini mimi nimeshindwa kungoja.

Wale kupe niliowang'oa kwa mbuzi wako tuliwasaga hapa maabara, tukakuta virusi. Virusi hivi na ndugu zao wote vina vipande vitatu vya urithi: kidogo, cha kati na kikubwa. Mkuu wetu akasoma kile kidogo tu, akaona kinafanana na cha virusi vya homa ya kutokwa damu, akasema basi, hivi ni vya kuua watu, kundi zima lichinjwe lichomwe moto. Weee! Nilipandwa na hasira. Nikamwambia virusi hivi vikikutana na ndugu zao ndani ya kupe mmoja huazimana vipande, na mtu hapewi ukoo kwa kutazamwa pua tu. Akasema mimi mbishi. Sasa, si nimezaliwa na wewe?

Tukasoma vyote. Cha kati na kikubwa vikaangukia tawi jingine kabisa, la ndugu wapole. Mkuu akavua miwani, akacheka, akakiri nimemshinda. Wenzangu walipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio kuuliza kulikoni.

Lakini akataka pia kujua mtu akiambukizwa inakuwaje. Hapo, mama, kaa chini kwanza. Damu ya mtu wa namna hiyo ilikuwa tayari kwenye jokofu letu, nayo ni yangu. Siku ile zizini kupe mmoja alinigandia nyuma ya goti. Niliporudi huku nikashikwa na homa, muuguzi akanitoa damu, na virusi vikawa vilevile. Nikapona. Kwenye simu nilikudanganya kwamba ni mafua, kwa sababu nakujua: ungejua kweli, mbuzi wote ungewachinja kwa mkono wako mwenyewe.

Usinigombeze. Msalimie kaka. Daktari akishakuja, wafungulie mbuzi wakale majani, nami nakuja Jumamosi unishikeshike mwenyewe uone nilivyo mzima.

Ni mimi mwanao,
Mbishi